Mtamba na Mvumo wa Redio

Mwanangu, nakumbuka siku moja kule Kisesa, kila nisikiapo redio ikivuma hunirudia. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, na jirani wa Mama Kabula alikuwa amefunga mashine ya kusaga ya umeme. Mimi nilishaacha shule, nazurura tu: leo napakua dagaa Kirumba, kesho nabeba magunia Kisesa. Mama Kabula, mjane, alinipa pa kulala.

Basi redio ya marehemu mumewe ikaanza kuvuma, shhh, mara mluzi. Shemeji yake, Mzee Masanja, akasema wazee wa ukoo wamemwambia ndugu yake analalamika, anataka ng'ombe. Mama alikuwa na mtamba mmoja tu, tena mwenye mimba, na siku ya tambiko ikapangwa.

Nikamkimbilia. "Mama, si marehemu, ni mbingu!"

Nilikuwa nimesikia kwenye idhaa ya ng'ambo. Karibu na ncha za dunia, ambako anga la usiku huwaka rangi, elektroni humiminika kutoka juu zikifuata sumaku ya dunia. Huko hewa nyembamba imevunjika ikawa chembe zenye umeme, wanaiita plazma. Elektroni zikipita kwa kasi, plazma hutikisika kama ziwa lililopitiwa na boti, na baadhi ya mawimbi yake hugeuka redio. Hakuna mtangazaji wala mnara! Mengi hayafiki hata ardhini.

"Hiyo mbingu, hapa Kisesa umeisikia, au umeambiwa?" akauliza.

"Nimeambiwa," nikakiri.

"Masanja naye kaambiwa. Sasa ng'ombe wangu nimchinje au nimwache kwa maneno ya nani?"

Swali lile lilinichoma, mwanangu, na likaniamsha. Nikamwendea mzee. "Shikamoo. Kama ni marehemu, si atasema zaidi kaburini kwake?"

"Marahaba. Hilo nalo neno," akasema.

Tukaibeba redio mpaka makaburini, mbali na nyumba. Mvumo ukapotea. Redio ikawa inatoa tak, tak tu, mara moja moja.

"Na hiyo je?" Masanja akashtuka.

Nikamwonyesha wingu jeusi upande wa ziwani. Kila radi ilipomulika, redio iligonga. Nilisimama mdomo wazi: mbingu yetu nayo ilikuwa inarusha mawimbi ya redio!

Tukarudi. Mvumo ukaanza tena, na tulipoisogeza redio kwenye ukuta wa mashine ukanguruma. Jirani akazima mota, ukakatika.

"Kumbe ndugu yangu kaajiriwa kusaga," Masanja akasema, na mama akacheka mpaka akakaa chini. Mtamba akafunguliwa, akaenda malishoni.

Habari ya plazma ilikuwa ya kweli, ila mimi niliibandika mahali pasipo pake. Kwa hiyo, mwanangu, ukipenda jambo ulilosikia, usilikimbize kwa mwenye shida kabla hujalibeba ukaona linasikika wapi na linanyamaza wapi. Uliza hata kama huna cheti. Mungu akujalie masikio yasiyochoka, na watu wa kukuuliza bila kukudharau.