Kidole Kwenye Tundu la Sinki

Harufu ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na kutu bado hunifanya nikunje ngumi na kukificha kidole changu cha shahada. Mkono hukumbuka kabla yangu.

Nilikuwa na miaka saba. Tuliishi mtaa wa Umoja, katika nyumba ya vyumba viwili yenye bafu dogo na sinki jeupe lililopasuka ukingoni. Baba alifanya zamu ya usiku katika kiwanda cha mabati, na mchana alilala. Mama, kabla ya kwenda soko la Gikomba kuuza nguo, aliniachia amri ileile kila siku: "Baba akilala, hata sufuria isilie." Nilimwogopa baba. Hakuwa akinipiga; ni vile tu hakuwa mtu wa maneno, nami sikujua kimya chake kilibeba nini.

Siku hiyo ushanga ulichomoka kwenye nywele zangu ukanasa kwenye tundu la sinki, pale penye kile chuma cha duara chenye vitobo vya kupitisha maji. Nikaingiza kidole kuudokoa. Ushanga ukaanguka ndani. Kidole kikabaki.

Kila nilipovuta, kilivimba zaidi. Nilifungua bomba ili nikiloweshe kidole, likakohoa tu, maana maji yalikuwa yamepotea tangu juzi. Nje watoto walicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, wakipiga kelele za furaha. Nilijiuma mdomo nisilie. Sijui nilisimama pale muda gani. Najua nilijikojolea, na hilo nalo likanitia hofu.

Baba alikuja mwenyewe, macho mekundu, akitaka kunawa uso kwa maji ya ndoo. Akatazama sinki, akanitazama. Alijaribu sabuni, akajaribu mafuta ya kupikia. Kisha akatoka, akarudi na Mwangi, fundi wa mabomba aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwangi aliinama chini ya sinki, akaondoa paipu bila shida, lakini nati iliyoshikilia kile chuma ikamgomea. Akaizungusha kwa spana hadi mishipa ikamtoka shingoni. Akaimwagia mafuta ya taa, tukangoja, akajaribu tena.

"Baba Achieng'," akamwita baba kwa jina langu, "hii imeliwa na kutu. Hapa ni kukata tu."

Nikapiga ukelele. Mimi nilijua kinachokatwa: kidole changu. Mwangi alipotoa msumeno wa chuma, nilikivuta kidole tena kwa nguvu zangu zote.

"Lete hapa," baba akasema. "Nitakata mwenyewe."

"Mzee, hii kazi nimeizoea."

"Nimesema lete."

Hapo nikakata tamaa. Baba mwenyewe!

Mwangi alinishika mabegani. Baba akalala chali sakafuni, miguu yake ikitokeza nje ya mlango, akaanza kukereza nati. Mtetemo uliingia hadi kwenye mfupa. Akikata kidogo anatua, anauliza kwa sauti ya chini, "Unasikia moto kwa kidole? Ukisikia, sema haraka." Vumbi la kutu lilimwangukia machoni, hakujifuta.

Nati ikapasuka. Chuma kikanyanyuka pamoja na kidole changu, kama pete ya jitu. Baba akanipakata, gauni langu likiwa bado limelowa, akaninyanyua mkono juu ya kichwa na kumimina mafuta ndani ya kile chuma.

"Nyathina, hesabu hadi kumi," akasema. Mtoto wangu, kwa Kijaluo. Nilipofika saba, kikatoka.

Alirudi chumbani, akafunga mlango. Kwa miaka mingi niliamini alikasirika kwa kuharibiwa usingizi.

Nilikuwa mtu mzima tayari mama aliponieleza. Usiku wa kuamkia siku ile, kiwandani, mashine ilikuwa imekata vidole viwili vya rafiki yake, na baba ndiye aliyemfunga mkono kwa shati lake. Asubuhi hakuweza kulala. Alijilaza akitazama dari, akilia kimyakimya ili mtoto asisikie.

Kumbe mimi na baba sote tulikuwa macho, ukuta mmoja tu katikati yetu, kila mmoja akijizuia asimsumbue mwenzake.