Mpiga Gitaa na Miguu ya Mama Febronia

Msimu ule asali ilipofurika Itigi, mpiga gitaa akiwa bado kijana, sista Mhispania wa misheni alimfundisha kupiga gitaa la flamenko, ngoma ya Kihispania ya kuimba na kukanyaga visigino, akamwonya kwamba macho yakae kwenye miguu ya mchezaji, kamwe si kwenye nyuzi. Hadi leo, akiamkiwa shikamoo, marahaba yake huielekeza kwenye viatu vya mtu. Jumamosi, kwenye harusi, Mama Febronia, ambaye huimba naye huku akikanyaga ubao kwa visigino, alimwambia, "Baba, juzi uliniacha peke yangu katikati ya wimbo. Ukiniacha tena, nachukua spika yangu naondoka." Aliitikia bila kuinua uso. Katikati ya wimbo siafu wakapanda ubaoni. Visigino vilikwenda mbio ajabu; mpiga gitaa aliviona visigino tu, vidole vyake vikavifuata, na wageni wakasimama kushangilia. "Siafu, baba! Wananimaliza!" alilia Mama Febronia. Kwa kuwa nyimbo zao zote ni za kulia, mpiga gitaa aliona huo ni ubeti mpya, tena mzuri, akaupamba kwa nyuzi nene, polepole. Mama akaruka, akakimbilia bomba la maji nyuma ya jiko. Mpiga gitaa aliutazama ubao mtupu, akabeba kiti chake, akamfuata hadi bombani, akaketi, akaendelea kupiga.