Saa Mbili ya Kifaransa

Binti wa jirani yangu alizaliwa asubuhi kweupe. Mimi nikamzaa upya usiku wa manane. Si kwamba nilikuwa mkunga. Nilikuwa mtu wa kukaa nyumbani pale Muhima, mjini Kigali, mwenye penseli, kitabu cha unajimu cha Kifaransa, na majivuno ya mtu aliyemaliza sekondari.

Kitabu nilikipata kwa muuza mitumba karibu na Nyabugogo. Vita vilikuwa kaskazini, vizuizi barabarani, na kila mtu mjini alitaka kuijua kesho. Mimi nilitaka tu kazi isiyohitaji viatu. Dibaji iliahidi kwamba hata mtoto angeelewa. Mtoto yupi huyo, sijui. Unachora duara, unaligawa vyumba kumi na viwili ambavyo wenyewe wanaviita nyumba, kila nyumba na shughuli yake, hii ya mali, ile ya ndoa, halafu sayari zinahamahama humo kama wapangaji wasiolipa kodi. Kuna majedwali yenye tarakimu ndogo kama chawa. Unatoa saa za Kigali, unajumlisha saa za nyota ambazo hakuna saa ya ukutani inayozionyesha, na ukikosea mstari mmoja unaanza upya. Ramani yangu mwenyewe ilisema nimeumbiwa safari za mbali. Ningeacha hapo hapo.

Lakini binti wa jirani alikuja. Wazee wa kijana mmoja, muuza vipuri, wangekuja Jumamosi kumposa. Alimtaka, macho yake yalisema, ila alitaka na nyota ziseme. Akaniambia, "Tanti, niangalie tu kidogo." Nikamtuma akamuulize mama yake saa aliyozaliwa. Jibu likaja juu ya ua: saa mbili. Nikaandika mbili.

Zohali akaangukia nyumba ya saba, ya ndoa. Kitabu kilisema Zohali akikaa humo ni ucheleweshaji, ubaridi, pengine ujane. Mtu mwenye akili angekohoa na kubadili mazungumzo. Mimi nikatafsiri yote, pole pole, kwa sauti ya padri. Binti aliondoka bila kuaga, na kesho yake akampelekea kijana ujumbe kwamba wazee wasubiri kwanza.

Mama yake hakubisha hodi. Alitaka kuona hiyo karatasi iliyomkataa mkwe. Nikamwelekeza kwa penseli, kwa upole wa mwalimu: huu mstari ni ardhi, hili ni jua, liko chini, maana yake binti alizaliwa gizani.

"Giza gani?" akasema. "Nimemzaa watu wanatoka misa ya kwanza. Jua lilikuwa linaniunguza dirishani."

Saa mbili. Kwetu saa mbili jua limeshapanda. Watu wa kitabu kile saa hiyo hiyo wanaiita nane, na mbili yao ni usiku wa manane. Hapa Kigali kila mtoto wa shule analijua hilo, kutwa tunageuza saa kichwani, Kifaransa ofisini, Kiswahili uani. Hata mimi nalijua. Penseli ndiyo haikujua.

Nikapiga hesabu upya, mama amenisimamia kama msimamizi wa mtihani, binti naye mlangoni anatafuna ncha ya kitenge. Zohali akahama nyumba ya ndoa, akaenda kukaa ya nne, ya nyumbani na wazazi. Nikafungua ukurasa wake: mzazi mgumu, anayeamua kila jambo peke yake. Nikafunga kitabu. Hapo sikutafsiri.

Nikasema tu kwamba nyumba ya ndoa sasa ni tupu. Binti akauliza tupu ni vizuri au vibaya. Kitabu kilisema tupu haina maana yoyote, baada ya majedwali yote yale. Nilikuwa nimechoka na Zohali, nimechoka na Wafaransa.

"Unamtaka humtaki?"

"Ninamtaka, Tanti."

"Basi ndivyo ilivyoandikwa."

Akacheka, akatoka mbio kutafuta mtu wa kumtuma kwa kijana. Mama yake akabaki, akiniangalia mimi, kisha meza, kisha chumba kizima, kama mtu anayepima kitu. Nikadhani ananishukuru.

"Jumamosi wewe baki humu na nyota zako, usimwambie mgeni hata neno," akasema. "Lakini viti nitakuja kuchukua vyote, na hicho unachokalia."