Makapi Kwenye Picha ya Bibi

Juzijuzi nilirudi Endasak kwenye harusi, nikamkuta mke wa mjomba amesimama juu ya kiti sebuleni, kitambaa chenye maji mkononi, anataka kuisugua picha ya bibi. "Ina uchafu," akasema. Nikaruka kumshika mkono hadi akashtuka. Ngoja nikueleze, usije ukaniona kichaa.

Ilikuwa miaka ile malori ya wanunuzi wa maharage yalipoanza kupanda hadi kwetu, na kwenye bahasha bado tuliandika Mkoa wa Arusha. Bibi hakuwahi kupigwa picha hata moja. Nilikuwa na miaka tisa, na jambo hilo lilininyima raha, maana babu alifariki bila picha na sura yake nilishaanza kuisahau.

Mwalimu wetu, mgeni kutoka Tanga, alipenda kuchora. Nikamwomba amchore bibi. Jumamosi moja ya mavuno akaja shambani na kipande cha plaiwudi na rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka milango ya shule: bluu, nyeupe na kahawia. Manjano hakuwa nayo.

"Shikamoo bibi. Nataka kuchora mavuno, na wewe uwemo. Naomba usimame kidogo tu."

"Marahaba. Nikisimama, upepo nao utasimama kuningoja?"

Maharage tulishayapura kwa fimbo tangu asubuhi, na upepo wa mlimani ulikuja saa tisa tu. Bibi akainua ungo, akaendelea kupepeta. Mwalimu akamchora hivyohivyo. Nikaacha kuokota punje, nikasimama nyuma yake mdomo wazi. Kwa rangi za milango, jamani! Mlima Hanang ukatokea na ukungu wake, kisha shamba, kisha mwanamke mdogo kama harage, ameinua mikono. Hata kanisani sikuwahi kushangaa vile. Nilimjua kwa mabega yake.

Ghafla upepo ukageuka. Makapi ya ungo ule yakaruka yote, yakatua kwenye rangi mbichi. Mwalimu akaanza kuyadonoa kwa kucha, na kila alipogusa, rangi ikachubuka. Nililia kwa sauti. Niliona bibi naye anaondoka kama babu.

Bibi akaja, akaitazama picha muda mrefu.

"Si umesema unachora mavuno?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi acha. Mavuno bila makapi umeyaona wapi?"

Na kweli, shamba pichani lilikuwa limepata manjano yake.

Siku hizi maharage yanapurwa kwa mashine, na saa tisa hakuna anayeinua uso kuutafuta upepo. Bibi amelala kando ya shamba lile, jirani na babu. Uso wake pichani ni doa tu, na nakiri, kichwani mwangu nao umeanza kufifia. Lakini nikipitisha kidole taratibu pale ukutani, nayagusa makapi yaliyotoka mikononi mwake.

Nilipomaliza kumweleza, mke wa mjomba aliweka kitambaa chini, akaniuliza kama na yeye anaweza kugusa.