Mlango wa Mbele wa Kushoto

Baba mkwe wangu aliniletea gari lake Jumatano, na harusi ya binti yake wa mwisho ilikuwa Jumamosi. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nilikuwa na muda wa kuchezea. Gari lenyewe ni la bluu iliyoiva, alilinunua enzi za uwakala wake wa forodha pale Rusumo, na ndilo lililotakiwa kumtoa bibi harusi nyumbani Nyamigogo hadi kanisani. Mzee alitaka ling'ae. "Nasikia siku hizi wewe ni fundi," akaniambia, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi mwenye mashine moja ya kupigia polishi uani kwake, nikachekelea. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kwetu mkwe hamhoji baba mkwe. Unaitika "Ndiyo, Baba" huku umeangalia chini, basi. Gari la mtu mwingine yeyote nisingeligusa kabla ya kuuliza: liliwahi kugongwa? Kuna mlango uliorudiwa rangi? Rangi ya kurudia si kama ya kiwandani. Mara nyingi imepakwa juu ya puti, ile dawa nzito ya kuzibia mabonde ya bati, ukiikandamiza na mashine inaondoka yote. Ni swali la nusu dakika. Lakini mzee alishasema miaka nenda miaka rudi, mbele ya watoto wake wote, kwamba gari lile halijawahi kuguswa na fundi bodi. Kumuuliza tena ni sawa na kumwambia muongo. Nikanyamaza. Na kila muhula nawaambia wanafunzi wangu kuuliza si ujinga.

Alhamisi nilipotoka shuleni nilianza na boneti, na matatizo yakaanza nami. Kwanza dawa ya polishi ilikauka upesi juani, ikawa inarusha unga mweupe mpaka kwenye nyusi zangu. Nikalisogeza gari kwenye kivuli cha migomba, nikapunguza dawa, unga ukaisha. Kisha umeme ukashuka nguvu. Jirani yangu anachomelea mageti, na kila alipowasha mashine yake, ya kwangu iliishiwa pumzi. Nikiibonyeza kidogo tu inasimama. Ikabidi nimvizie, akipumzika ndipo nafanya kazi. Nilimsonya sana yule bwana, na hana kosa lolote.

Tatizo la tatu ndilo lililonikera kuliko yote. Nilipolisukuma gari juani kuangalia, boneti nzima ilikuwa imejaa miviringo, kama mtu kaisugua kwa steeli waya. Nilitaka kulia. Nikaenda kuosha sponji, maji yakatoka mekundu. Kumbe kila gari la ndizi lilipopita barabarani, vumbi letu la Murukulazo lilitua kwenye sponji, nami nilikuwa nasugulia mchanga gari la mkwe. Nikamwagia ua maji, nikawa naosha sponji kila ninapomaliza kipande, nikarudia upya kwa spidi ndogo na mkono mwepesi. Jioni hiyo niliuona uso wangu kwenye boneti, na nikiri, niliukubali.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini. Nilimaliza upande wa kulia, nikahamia mlango wa mbele wa kushoto, ule wa abiria. Sponji ikatoka bluu. Mwenye akili angesimama hapo hapo, maana kwingine kote ilikuwa ikitoka na uchafu wa kijivu tu. Mimi nikajiambia ni rangi iliyochoka, nikakandamiza kwenye ukingo ili nimalize. Nilisikia harufu ya kuungua kabla sijaona. Nilipoinua mashine palikuwa na doa la ukubwa wa kiganja, halina rangi kabisa, puti tupu.

Niligonga mlango wa nyuma kwa kidole, ukalia bati. Nikagonga huu, ukanijibu kama ukuta. Nusu ya mlango ilikuwa puti.

Nikamwita mke wangu. Alikuja na kisu cha kumenyea ndizi mkononi, akatazama doa, akagonga mwenyewe, mara mbili.

"Mwaka ule Mama alipovunjika mguu," akasema, "gari halikuwepo nyumbani mwezi mzima. Baba alisema kaliazimisha kwa mtu Rusumo."

Mama mkwe anatembea kwa fimbo tangu sijamuoa binti yake. Watoto waliambiwa aliteleza shambani kwenye kahawa, nami nikaambiwa hivyo hivyo. Na katika miaka yote niliyomjua sijamwona hata siku moja akikaa mbele kwenye gari lile. Hukaa nyuma ya dereva, kiti cha mbele kinakaliwa na mkoba wake. Sisi tulidhani ni heshima zake za kizamani.

"Siku zile Baba alikuwa akinywa," mke wangu akaongeza, kisha akarudi kwenye ndizi zake.

Nilikimbilia Ngara mjini kutafuta rangi ya kopo. Nikapata bluu ya kufanana, nikabandika karatasi pembeni, nikapuliza. Ilipokauka ilikuwa imekolea zaidi ya mwenzake, na kwa vile gari lote lilikuwa linang'aa, kiraka kilionekana kutoka barabarani. Nikaamua nitasema ni mimi, nilikandamiza mno, mambo yaishe. Si uongo, nilikandamiza kweli.

"Ukisema hivyo atakubali, na anajua si wewe," mke wangu akaniambia. "Na mimi nitakuwa nimesimama pale namsikiliza akikubali."

Hapo ndipo niliogopa. Kufokewa na mkwe ningevumilia. Sikutaka mke wangu ampoteze baba yake uani kwangu, siku moja kabla ya harusi ya mdogo wake.

Walikuja saa kumi, mzee na mama mkwe, wameshushwa na ndugu yao. Nikawaamkia, wakaitika. Mzee alilizunguka gari taratibu, akatabasamu kwenye boneti, kisha akafika mlangoni. Tabasamu likakauka.

"Umeniharibia gari," akasema.

"Ndiyo, Baba. Nisamehe. Nilikandamiza mno."

"Gari ambalo halijaguswa na fundi. Kesho wageni watasema nini?"

Mke wangu alikuwa kizingitini, akimsikiliza. Mzee akaendelea, kwamba kazi ya watu si ya kujaribia, kwamba mwalimu abaki na chaki yake, nami nikiitikia "Ndiyo, Baba" kila anapovuta pumzi.

Mama mkwe akasogea na fimbo yake. Aliupitisha mkono juu ya kiraka, polepole, kama mtu anayepapasa kitanda gizani.

"Muache mtoto wa watu," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mlango huu hakuuharibu yeye."

Mzee akaangalia chini, namna ile ninayoangalia mimi mbele yake. Mama mkwe akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa nyuma ya kiti cha dereva, akangoja kurudishwa nyumbani.