Uchaga Juu ya Kitanda Chetu

Juzi seremala mmoja wa Kilosa alinionyesha kitanda cha ghorofa cha watoto, akiapa kuwa ni ujanja mpya. Nilicheka.

Enzi za Mwingereza, kwenye kambi ya wakata mkonge, shangazi alimwambia mama, aliyekuwa mjamzito, "Chumba kimejaa watoto. Mmoja aende kwa bibi, kule Mvumi." Nilihesabu sisi watoto mara mbili, kila mara aliyezidi ni mimi.

Alasiri hiyo baba, mikono ikinuka utomvu, aligongelea milingoti ya mkonge juu ya kitanda chetu. Nikajua anajenga uchaga wa kuhifadhia mahindi. Nikafunga gauni langu kwenye kanga.

"Wapi, mwanangu?"

"Mvumi, baba. Mahindi yapate pa kulala."

Akacheka, akaninyanyua hadi juu ya ule uchaga.

"Mahindi hayakojoi kitandani," alisema, "lakini nimekuchagua wewe."