Konstebo wa Kwanza Alikuwa Saisi

Baada ya vita vya pili nilikuwa saisi kwenye shamba la mzungu mmoja nje ya Kitale. Farasi wake sita walikula vizuri kuliko mimi, na mimi ndiye niliyewalisha. Kila mwisho wa mwezi nilipanda baiskeli hadi Kabuchai kumwona binti niliyempenda. Naye alinipenda. Kasoro ilikuwa baba yake.

Mzee alikuwa amekwisha kujipatia mkwe wa maana: konstebo wa polisi, mwenye kaptura iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe.

"Huyu iko na selikali mgongoni," mzee aliniambia. "Wewe iko na mavi ya falasi."

Ilikuwa kweli.

Jibu alinipa rafiki yangu mwalimu, aliyeacha seminari kabla ya upadre lakini hakukiacha Kilatini. Nilipomsimulia, alicheka hadi akashika mbavu. Konstebo, alisema, ni neno la kale mno. Warumi walisema comes stabuli, yaani mkuu wa banda la farasi. Wafaransa wakalitafuna likawa connétable, wakamkabidhi mwenye cheo hicho jeshi zima. Waitaliano wakasema conestabile, Wahispania condestable. Kwa Waingereza likashuka, likashuka, hadi likamfikia yule wa kaptura.

Kumbe konstebo halisi nilikuwa mimi! Nilimsihi mwalimu anisindikize, maana mzee asingeamini lugha tano kutoka kinywani mwa saisi.

Tuliketi sebuleni kwa mzee, konstebo naye akiwepo, binti akitumiminia chai. Mwalimu alifundisha vizuri kupita kiasi. Kila neno alilitamka mara mbili, na mara ya pili alimtazama binti. Mimi nilikuwa na shughuli ya kumtazama konstebo akinywea, kwa hiyo sikulitilia maanani.

"Ati wewe pia ni saisi?" mzee alimuuliza konstebo. Yule bwana alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga.

Nilitabasamu kama mjinga, nikingoja kuitwa mkwe.

"Mimi nilikataa saisi moja," mzee alisema, "sasa munaniretea wawili." Kisha akamwongezea mwalimu chai kwa mkono wake mwenyewe. "Mwalimu, wewe bado kuoa?"

Binti aliweka birika chini akatoka. Nilimsikia akilia nyuma ya nyumba. Mwalimu alisema bado.

Walifunga ndoa baada ya mavuno. Nilirudi kwa farasi wangu sita, mkuu wa banda kwa Kilatini na lugha nyingine nne, nikalia mbele yao huku nikiwapiga brashi.